UZI: Boards of Canada, ndugu wawili wa Uskoti na mahadhi yaliyopindishwa makusudi

#1 Kaseti ya Zamani (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi humu kuna mtu aliandika kwamba muziki wa kielektroniki uko wa aina mbili tu: wa kuchezea, na wa watu wanaojifanya wameelewa. Nilicheka, halafu neno lile likanikaa kichwani, maana kuna watu wawili ambao haliwahusu kabisa. Muziki wao hauchezeki, na wala hakuna cha kujifanya umeelewa. Mahadhi yao mtoto wa chekechea anaweza kuyaimba huku anavaa viatu.

Nawaongelea Boards of Canada. Jina lisiwachanganye, si Wakanada. Ni Mike Sandison na Marcus Eoin, Waskoti, ingawa utotoni familia yao iliwahi kukaa Calgary kwa muda mfupi. Jina wamelitoa kwa National Film Board of Canada, shirika la umma linalotengeneza filamu za elimu na makala. Fikiria filamu ya darasani ya miaka ya 1970: rangi zimechujuka, msimulizi anaeleza maisha ya samaki, na nyuma yake kinanda kinayumba kwa sababu filamu imeshapitishwa kwenye mashine mara mia. Ukishakisikia kinanda hicho kichwani, umeshawaelewa nusu.

Marcus Eoin naye ni Sandison, kumbe. Ni ndugu wa damu, na walilificha hilo miaka mingi. Walikuja kulisema hadharani 2005. Watu wa ajabu, lakini tutafika huko.

Walianza kwa kutoa kazi zao wenyewe kwa nembo yao ya Music70, nakala chache za kupeana. Twoism ya 1995 ni ya kipindi hicho. Mwaka 1996 wakatoa Hi Scores kupitia Skam, lebo (kampuni ya kutoa muziki) ndogo ya Manchester. Halafu 1998 ikaja Music Has the Right to Children, Skam wakishirikiana na Warp, lebo nyingine ya Uingereza, na hapo ndipo mambo yalipobadilika. Jalada lake ni picha ya familia iliyopigwa Banff, Kanada. Wamesimama vile watu wanavyosimama wakimsubiri mpiga picha amalize. Nywele zipo, suruali za enzi zile zipo, nyuso hazipo. Zimefutwa.

Sasa niwaambie ilivyonitokea. Wimbo wa kwanza kuusikia ulikuwa Roygbiv (jina ni herufi za mwanzo za rangi za upinde wa mvua kwa Kiingereza). Dakika mbili na nusu tu. Besi inaingia kwanza, nene, kisha kinanda juu yake, noti chache ambazo hata asiyejua muziki anazishika. Nikaamini kabisa kwamba hedifoni zangu zimekufa. Nikachomoa waya, nikafuta pini kwa shati, nikachomeka. Bado. Nikahamia kwenye spika. Bado. Kile kinanda kilikuwa kinapanda na kushuka kidogo sana, kama mtu anayeimba akiwa amesimama kwenye mtumbwi.

Nilirudia wimbo ule pengine mara kumi usiku ule, mwanzoni nikitafuta ubovu, mwishoni nimeshasahau nilikuwa natafuta nini.

Nataka tuwajadili kwa hilo. Mahadhi mepesi na sauti iliyoharibika, vinakaaje pamoja bila kugombana?

#2 Besi Nzito

Naweka kambi hapa. Mkuu, mimi sijawahi kuwasikia hata kwa bahati mbaya. Nianzie wapi?

#3 Kaseti ya Zamani

Anza na ile ya 1998, mwanzo mpaka mwisho, usirukeruke nyimbo. Kuna vipande vya dakika moja humo katikati ambavyo vinaonekana kama vimesahaulika mezani. Usiviruke, ndivyo vinavyoshikilia nyumba. Na tafadhali usianze na Geogaddi, albamu yao ya 2002, utanichukia.

#4 Sikio Moja

Mleta uzi unaandika vizuri ila unawapamba mno. Hao ni wepesi. Wanapiga kinanda cha kubembelezea watoto, wanakipaka vumbi, mnaita majaribio.

Majaribio ni Autechre. Nao ni wawili, Rob Brown na Sean Booth. Mwaka 1994 serikali ya Uingereza ilipeleka bungeni sheria ya kubana mikesha ya muziki ya vijana, na ikafika mahali ikaueleza muziki wenyewe kuwa ni ule wenye mfululizo wa midundo inayojirudia. Yaani mdundo ukijirudia, umeingia kwenye kumi na nane za polisi. Jamaa wakatoa Anti EP (EP ni santuri fupi ya nyimbo chache). Wimbo mmoja, Flutter, waliupanga hivi kwamba midundo yake haijirudii sawasawa kutoka kipimo kimoja hadi kingine. Na kwenye kifungashio wakawashauri madijei wawe na mwanasheria na mtaalamu wa muziki karibu muda wote wanapoupiga.

Hayo ndiyo majaribio yenye meno. Ndugu zako wamejaribu nini?

#5 Kaseti ya Zamani

Mkuu, kwa Autechre hatugombani hata kidogo, nina heshima zangu zote. Tena Skam na Autechre ni watu wa chungu kimoja. Bila duara lile pengine hawa ndugu tusingewajua.

Ila umenichagulia mfano unaonisaidia mimi. Rudi ukausikilize Flutter. Midundo inakimbia huku na huko kama kuku aliyefunguliwa, lakini juu yake kuna nini? Kuna kinanda kitamu, cha polepole, kinachojirudia. Ondoa kinanda kile uone kama utamaliza dakika tatu. Mwaka 2001 walipotoa albamu ya Confield wakakiondoa karibu chote. Mimi Confield nimeijaribu mara nne, mara zote nne nimejikuta najibu meseji.

Hoja yangu ni hii. Fundi mwashi anapojenga ukuta anashusha timazi. Uzi ule umenyooka wima, ndiyo maana akitazama anaona ukuta umelala kwa kidole kimoja. Bila timazi, ukuta uliolala kwa kidole kimoja ni ukuta tu. Mahadhi mepesi ndiyo timazi ya Boards of Canada. Noti tano, sita. Sikio lako linajua kabla hata hazijafika zinatakiwa kutua wapi. Kisha zinatua pembeni kidogo tu ya pale. Kama mahadhi yangekuwa magumu usingejua kwamba yamepinda, ungedhani ndivyo yalivyoandikwa.

Kwa hiyo wepesi unaowalaumu nao hawajaunyunyizia juu kama sukari ili watu wa kawaida wameze dawa. Uondoe, na jaribio lenyewe halipo.

#6 Fundi Redio

Mimi muziki siujui sana, nimetengeneza redio kaseti maisha yangu yote. Nimesikiliza huo wimbo mliotaja na nimecheka peke yangu, maana nimeulizwa kuhusu sauti hiyo na wateja kuliko kitu kingine chochote: "Fundi, inaimba kama imelewa."

Niwaeleze inavyotokea. Kaseti ya kawaida inapita kwenye hedi (kile kichwa kinachosoma utepe) kwa mwendo wa sentimeta 4.76 kwa sekunde. Kinachoivuta ni kijiti chembamba cha chuma kinachozunguka, na gurudumu dogo la mpira linaloubana utepe kwenye kijiti hicho. Kijiti kinazungushwa na mkanda wa mpira kutoka kwenye mota. Mkanda ukilegea, mwendo unapungua na kuongezeka taratibu, na sauti inayumba. Kijiti kikipinda au kikishika uchafu, inakuwa ni tetemo la haraka haraka, sauti inakuwa kama imekwaruzwa koo. Ni magonjwa mawili tofauti, na anayejua kusikiliza anayatofautisha kabla ya kufungua bisibisi.

Na haihitaji ubovu mkubwa. Kutoka noti moja hadi ya jirani yake kwenye kinanda, nyeupe hadi nyeusi, ni tofauti ya karibu asilimia 6 ya mwendo. Utepe ukichelewa kwa asilimia 1 tu, noti imeshuka karibu moja ya sita ya hatua hiyo. Kidogo sana, lakini kwenye kinanda kinachoshikilia noti ndefu, kila mtu mwenye masikio anasikia. Kwenye ngoma husikii kitu. Kwenye mtu anayeongea husikii. Noti ndefu, iliyonyooka, ndiyo inayokutia aibu.

Kwa hiyo mleta uzi kwa hilo la timazi namuunga mkono. Sisi tukitaka kupima mashine tunaweka mlio mmoja ulionyooka, hatuweki orkesta.

#7 Kaseti ya Zamani

Fundi umeshusha nondo. Nimenakili post yako nzima.

Na niongeze: hawa jamaa hawakusubiri mashine iharibike. Sauti inapokuwa safi mno wanaipitisha kwenye utepe mpaka ichoke. Wewe unalipwa uitoe hiyo kuyumba, wao wanalipwa waiweke.

#8 Msomaji Kimya

Huwa sichangii humu ila leo naomba kuuliza. Nimemaliza ile ya 1998 usiku huu. Mimi filamu hizo za Kanada sijawahi kuziona maishani. Sasa kwa nini nimehisi kama nakumbuka kitu? Kuna kipande kifupi cha mtoto anayetamka maneno taratibu mno, sauti imenyongwanyongwa. Kilinishika hapa kifuani na sina kumbukumbu yoyote inayofanana nacho.

#9 Kaseti ya Zamani

Swali zuri kuliko uzi wangu wote. Nijibu ninavyoona mimi.

Watu wengi husema muziki huu unakukumbusha utoto. Mimi nadhani unakukumbusha kuchakaa. Filamu huijui, lakini kitu kilichochezwa mpaka kikachoka unakijua: kaseti ya harusi, kanda ya sauti ya mtu ambaye hayupo tena, picha iliyogeuka rangi ya chai. Sikio limejifunza kwamba sauti ikiyumba hivi, basi ni ya zamani, na ikiwa ya zamani basi kuna kilichopotea. Wao wanakupa dalili za kupoteza bila kukuambia umepoteza nini. Unajaza mwenyewe. Msikilizaji wa Japani anajaza ya kwake, wewe umejaza ya kwako.

Hapo ndipo ninapoanza kuwaogopa kidogo. Sikilizeni EP yao ya 2000, In a Beautiful Place Out in the Country. Nyimbo nne tu, na wimbo wenye jina hilo ni mtamu kupita kiasi. Kuna sauti iliyopitishwa kwenye mtambo mpaka ikawa ya roboti mpole, inakualika ukaishi na jumuiya ya kidini, mahali pazuri, shamba. Nilikuwa nausikiliza nikienda kulala. Miezi ikapita ndipo nikasoma kwamba EP ile imezungukia habari za Branch Davidian, lile kundi la karibu na Waco, Texas, ambalo makao yao yaliungua Aprili 1993 na zaidi ya watu 70 wakafa, watoto wakiwemo. Hawakubadilisha noti hata moja kuniambia hivyo. Utamu ni uleule. Kumbe aliyekuwa ananialika ni nani!

Tangu siku hiyo wimbo ule siuwekei usiku.

Sikio Moja, uliuliza meno yako wapi. Haya hapa, yamefunikwa na midomo inayotabasamu.

#10 Sikio Moja

Sawa, hilo la EP sikulijua. Narudisha nusu ya maneno yangu. Nusu. Kinanda cha kubembelezea watoto nabaki nacho, nakiri tu kwamba anayebembeleza simwamini tena.

#11 Hesabu Kali

Wakuu mnapita juu ya hazina! Hamjagusa namba kabisa. Geogaddi ya 2002 ina nyimbo 23 na urefu wake ni dakika 66 na sekunde 6, yaani 666, namba ya shetani. Na wimbo wa mwisho ni kimya kitupu, dakika moja na sekunde 46 za hakuna kitu! Nani anaweka kimya kwenye albamu kama si kutimiza hesabu?

Bado. Albamu hiyohiyo ina wimbo unaoitwa The Smallest Weird Number, yaani namba ya ajabu iliyo ndogo kuliko zote. Kwenye hisabati hiyo ni 70. Vigawanyo vyake ukiiacha yenyewe ni 1, 2, 5, 7, 10, 14 na 35. Jumlisha vyote unapata 74, umezidi. Lakini chagua baadhi upendavyo, hutapata 70 kamili kamwe. Ungehitaji kutoa 4, na hakuna namna ya kupata 4 humo. Namba zenye tabia hiyo ndizo zinaitwa za ajabu, na 70 ndiyo ndogo kuliko zote. Sasa kumbukeni nembo yao ya mwanzo iliitwaje. Music70.

Na 2013? Kabla ya kutoa Tomorrow's Harvest waliachia santuri duka la muziki New York, ndani yake kuna sauti inasoma tarakimu sita. Nyingine zikatawanywa redioni, kwenye televisheni na mtandaoni, makundi sita ya tarakimu sita, mashabiki wa nchi mbalimbali wakaziunganisha kama nywila. Halafu wakaichezesha albamu nzima jangwani Mojave, kwenye bustani ya michezo ya maji iliyotelekezwa. Bustani ya maji, jangwani, kavu!

#12 Kaseti ya Zamani

Hii ya 70 ni nzuri kweli, nimeihesabu mwenyewe kwenye karatasi na imekubali. Ahsante.

Lakini mkuu nikuudhi kidogo. Nimeshakaa na watu wa namba miaka mingi. Wanajua kila sekunde ya Geogaddi na hawawezi kukuimbia mahadhi hata ya wimbo mmoja. Wanacheza nyimbo kinyumenyume kutafuta sauti za shetani, wakati nyimbo zenyewe kwenda mbele hawajazimaliza. Ndugu hawa ni wachokozi, wanapenda kukuachia kamba uivute. Kuvuta ni raha. Ila kamba si ng'ombe.

Hilo la jangwani nakubali, pale walitisha.

#13 Besi Nzito

Nimerudi. Nimesikiliza ya 1998 mara mbili, na kwa kutokusikia la mkuu nikaigusa na Geogaddi. Ulikuwa sahihi, nimekuchukia. Nilizima nusu.

Ila ya 2005, The Campfire Headphase, imeniingia moja kwa moja. Kuna magitaa humo! Wimbo wa Dayvan Cowboy nimeutazama na video: mtu anaruka kutoka angani kabisa, weusi juu na mawingu chini, halafu gitaa linafunguka. Ni kweli ile?

#14 Kaseti ya Zamani

Kweli tupu. Ni Joseph Kittinger wa jeshi la anga la Marekani, Agosti 16, 1960, akijitupa kutoka kwenye puto akiwa kilomita 31 hivi juu ya ardhi. Baadaye kwenye video anageuka kuwa mtu mwingine kabisa anayeteleza juu ya mawimbi.

Wengine huiona albamu ile kuwa dhaifu kwa sababu ya hayo magitaa. Mimi huwa nawaambia wasikilize jinsi yalivyorekodiwa. Gitaa lenyewe limeyumba, nyuzi zinasikika kama zimelowa. Ugonjwa ni ule ule wa Fundi Redio, mgonjwa tu ndiye mwingine.

#15 Sikio Moja

Kwa anayetaka watu wawili wawili wengine wa mlango huohuo: Plaid, yaani Ed Handley na Andy Turner, anzeni na Not for Threes ya 1997, Björk, mwimbaji wa Iceland, anaimba humo. Na Matmos wa Baltimore, ambao 2016 walitoa Ultimate Care II, kipande kimoja cha dakika 38 kilichotengenezwa kwa sauti za mashine yao ya kufulia nguo. Ngoma, besi, mahadhi, vyote mashine. Mwisho wake inakamua maji.

Siwataji tena Autechre, nimechoka kupigwa.

#16 Besi Nzito

Wakuu, naomba msaada wa haraka, hasa Fundi.

Nilitaka kujaribu mwenyewe. Nina programu ya muziki kwenye kompyuta, nikatunga noti sita kwa kinanda, rahisi mno, nilipozisikiliza niliona aibu. Nikazirekodi kwenye kaseti kwa redio ya zamani iliyokuwa stoo. Nikacheza. Safi, hakuna kitu. Nikaweka kidole gumba kwenye lile gurudumu la kaseti, kidogo tu, nikiliachia na kulishika. Ikaanza kulewa! Nikafurahi, nikaongeza. Ghafla redio ikala utepe. Nimeutoa umejikunja kama mzizi, nikaurudisha ndani kwa kuzungusha na penseli.

Sasa nikicheza, pale kwenye mkunjo noti ya nne inazama, inapotea kidogo, halafu inaibuka ikiwa chini ya ilipokuwa. Nimeirudia saa nzima. Zile noti sita za aibu sizitambui tena. Swali: huu mkunjo unanyooshwaje?

#17 Fundi Redio

Unanyoshwa. Unaupitisha kati ya vidole, taratibu, mara kadhaa, hautarudi kuwa kama mwanzo lakini utapungua.

#18 Kaseti ya Zamani

USIGUSE. Chomeka waya kwenye kompyuta uirekodi sasa hivi, kabla utepe haujakatika. Kisha tuwekee hapa.